Kanda Iliyofukizwa

Mashine ya kusomea kanda ilianza kuzunguka yenyewe Jumatatu mchana, wakati wa chakula, bila mtu kuiamuru. Nozim alikuwa peke yake kwenye chumba cha mitambo cha redio, mkono mmoja una kipande cha mkate na mwingine una bakuli la chai, akausikia mlio anaoujua sana: kanda inavutwa mbele, inasimama, inarudi nyuma kidogo, inakwenda tena. Akaangalia kompyuta. Hakukuwa na kazi yoyote iliyopangwa. Akabonyeza kitufe, mashine ikaitema kanda mkononi mwake. Ilikuwa na joto, si joto la mashine, bali joto la kitu kilichobanwa kwapani mwa mtu. Ubavuni ilikuwa na alama ya kijani, maana yake ni ya mwaka ule aliokufa mke wake.

"Nani kaiweka hii?" aliuliza, ingawa chumbani hamkuwa na wa kumjibu.

Mwanzoni mwa baridi umeme ulikatika mji mzima wa Khujand, kisha ukarudi kwa fujo, na diski kubwa iliyobeba vipindi vyote vya redio ikaungua. Mkurugenzi hakupata hata presha. Si tuna nakala kwenye kanda? Ni kweli walikuwa nazo, kabati zima, na ikawa kazi ya Nozim kuyarudisha mafaili yote kutoka kwenye kanda hadi kwenye diski mpya. Asiyeijua kazi hiyo hudhani ni kama kutoa nguo sandukuni. Kwa wiki kadhaa Nozim alitoa nguo zenye matobo. Kipindi kimoja kilikuja nusu, kingine kilikuja kimya kitupu, kingine jina lake lilikuwepo na ndani hamna kitu. Kanda za alama ya kijani ndizo zilizokuwa korofi kuliko zote. Hazikutoa hata neno.

Na Gulandom alikuwa humo. Alikuwa mtangazaji wa kipindi cha salamu, kila jioni akisoma barua za akina mama waliotenganishwa na wana wao waliokwenda Urusi kujenga maghorofa ya watu, na aliyataja yale majina kwa upole wa mtu anayewaita waje kula. Alinyauka ghafla, akafa binti yao Mahina akiwa bado ananyonya. Vipindi vyake vya mwisho Aka Qurbonali, mkuu wa hifadhi ya sauti, ambaye wote walimwita aka, yaani kaka mkubwa, alivihamishia mapema kwenye kanda na kuvifuta kwenye diski, akisema diski imejaa, na Nozim katika msiba ule hakuwa na moyo wa kuuliza.

Sasa Mahina alikuwa na miaka mitano na ulimi usiokaa. Wiki chache nyuma, wakiwa kwenye supu, alimuuliza baba yake, "Mama alikuwa anaongeaje?"

Nozim akajaribu kuiga. Mtoto akacheka mpaka akapaliwa. Nozim naye akacheka, kisha akaenda bafuni, akafungulia maji ili mama yake mzazi asimsikie akilia. Tangu siku hiyo hakuwa anarudisha mafaili ya redio. Alikuwa anamtafuta mkewe, apate japo dakika moja ya kumwekea mwanawe, na mtu asimlaumu sana kwa yaliyofuata.

Alilifuata tatizo kama fundi anavyotakiwa. Aliijaribu kanda ya kijani kwenye mashine ya pili, ikakataa. Akachukua kanda mpya kabisa, akaiandika, akaisoma. Ikasomeka, lakini kwa kusitasita na kurudia rudia. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa kwenye kanda, ulikuwa kwenye mashine. Akaingiza kanda ya kusafishia. Taa ya njano inayodai usafi ikazimika, kisha ikawaka tena. Akaingiza nyingine, ikawaka tena. Ndipo alipochukua bisibisi akaifungua mashine yenyewe, akamulika kwa tochi kile kichwa cha kusomea, kidogo kuliko ukucha, ambacho hutakiwa kung'aa. Kilikuwa na utando wa kahawia unaonata. Akaugusa kwa kitambaa, akaunusa, na papo hapo akawa jikoni kwa bibi yake, utotoni, siku aliyokuwa na surua.

"Hazorispandi!" alisema.

Nyumba gani haifukizi majani hayo? Mtoto akiugua hufukizwa, mgeni mwenye macho mabaya akiondoka hufukizwa, hata teksi mpya hufukizwa kabla ya kubeba abiria. Lakini kwenye chumba cha mitambo, ambako mtu haruhusiwi hata kuingia na viatu!

Aka Qurbonali alipoingia, mrefu, shingo imezungushiwa shali, masharubu yameloa theluji, alikuta mashine iko matumbo wazi juu ya meza.

"Aka," Nozim alisema, "unazipika kanda au unazitunza?"

Mzee hakucheka. "Nafukiza Jumatano tu. Kidogo tu. Kwa ajili ya kijicho."

"Kijicho cha nani? Nani anaionea wivu hii takataka? Masizi yote yameganda kwenye kichwa! Mimi hapa nalala na kuamka na makosa, mkurugenzi ananiona mjinga, kumbe wewe unachoma mishikaki!"

"Punguza sauti."

"Mhandisi mzima, Aka!"

"Nimesema punguza sauti, Nozimjon." Mzee alikuwa anaiangalia ile kanda ya kijani mezani, si Nozim. "Safisha. Rudisha kanda zote unazotaka. Hii niachie mimi."

"Hiyo ndiyo ninayoitaka."

"Ndiyo maana nakwambia niachie."

"Sauti ya mke wangu imo humo. Unataka nimwambie nini Mahina, kwamba Aka Qurbonali kakataa?"

Mzee akajifunga shali upya ingawa ilikuwa imefungwa vizuri. Mtu mwenye elimu yake akiona aibu ya jambo huwa mgumu kuliko jiwe. Alitoka, na Nozim, kwa hasira, akachukua chupa ya spiriti akaanza kusugua.

Ijumaa, wenzake wote walipokwenda msikitini, aliingiza kanda ya kijani kwenye mashine iliyong'arishwa. Haikusita hata mara moja. Kompyuta ilimuuliza ayaweke wapi mafaili, naye akachagua yarudi pale pale yalipotoka, kwenye kabati la vipindi lililomo ndani ya diski, ambalo studio yote hulitumia, kwa kuwa ndiyo njia ya mkato na alikuwa na haraka ya kumsikia. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo. Salamu za Machi. Salamu za Aprili. Katikati palikuwa na moja lisilo la salamu, rekodi ndefu ya safari ya kikazi kwenye kijiji cha milimani, kando ya mto Zarafshon. Akavaa vipokea sauti, akafungua salamu za kwanza alizozikuta.

"Wasikilizaji wapendwa, jioni njema," alisema Gulandom.

Alikuwa hai kiasi hicho. Nozim alilaza kichwa mezani, akamsikiliza mkewe akiwaita watoto wa watu, na nyuma ya sauti yake, mbali sana, kulikuwa na kitu kinachogonga taratibu, dufu pengine, lakini hakukitilia maanani. Akanakili vipindi vyote kwenye simu yake akaenda nyumbani.

Mama yake, Bibi Zulayho, alikuwa anakata vitunguu. Mahina alikuwa ameketi chini ya dirisha, anavaa soksi. Nozim akaweka simu juu ya kitambaa cha chakula, akasema, "Njoo umsikie mama yako."

Mtoto akasogea, mdomo wazi. Bibi akaacha kisu. Sauti ikajaza chumba, ikasalimia, ikasoma barua ya mama wa Isfara, ya mama wa Konibodom, na bibi akawa anafuta machozi kwa upande wa kiganja na kusingizia vitunguu. Kisha sauti ikasema, "Na salamu zangu kwa Mahina binti Nozim."

"Mimi!" mtoto aliruka.

"Alikusalimu ulipokuwa mchanga," alisema Nozim kwa furaha. "Unaona? Alikusalimu redioni!"

"Mahina aliyevaa soksi nyekundu mguu mmoja," iliendelea sauti, kwa upole ule ule, "na nyingine anayo mkononi. Mahina mzuri. Mbona huitiki?"

Mtoto akaitazama soksi mkononi mwake. Alikuwa amelelewa na bibi mwenye adabu za kale, na katika nyumba ile mtoto akiitwa na mkubwa huitika kabla jina halijaisha. Akavuta pumzi aitike, na Bibi Zulayho, ambaye magoti yake yalikuwa mabovu tangu zamani, akaruka kama msichana akamziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya vitunguu.

"Zima," alimwambia mwanawe kwa mnong'ono. "Zima kitu hicho."

"Mama, labda ni..."

"Mimi nimemzika yule binti kwa mikono yangu. Nakwambia zima!"

Nozim akazima. Dufu likaendelea kugonga kidogo, ndani ya bomba la kupashia moto chumba, kisha nalo likanyamaza.

Asubuhi vifuniko vyote vya jikoni vilikuwa sakafuni. Cha birika, cha sufuria ya palavu, ule wali wa nyama, cha mtungi wa achari, cha pipa la maji, vimepangwa mstari kuelekea mlangoni. Bibi alivifunika vyombo upya. Mchana wake alivikuta wazi tena, na jikoni kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua na sufi iliyoloa. Jioni Mahina hakutaka kucheza. Alikaa kwenye zulia karibu na mlango wa nje, goti limegusana na goti, anasikiliza.

"Unafanya nini hapo, mwanangu?" aliuliza Nozim.

"Mama ana baridi. Yuko kwenye ngazi." Mtoto alisema kwa kunong'ona, kama mtu anayetunza siri ya mwenzake. "Anasema mkubwa hawezi kuingia kama mtoto hajaitika. Bibi amenikataza. Baba, si ni adabu mbaya kutoitika?"

Wakati huo huo Nozim alisikia upande wa pili wa mlango, chini kabisa, kwenye usawa wa kichwa cha mtoto aliyekaa, mtu akivuta pumzi, ndefu, ya kuchoka, kisha ukucha ukipita taratibu juu ya ubao kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, kama kanda inapovutwa mbele na kurudishwa nyuma ikitafuta mahali pake, na harufu ile ya sufi mbichi ikapita chini ya mlango ikamfikia miguuni, puani, mdomoni, na akajua, kwa ujuzi wa mtu aliyelala na mwanamke mmoja kitanda kimoja miaka mingi, kwamba ile si pumzi ya mkewe, na kwamba hata hivyo, Mungu amsamehe, alitamani kufungua.

Alimbeba mtoto akamkimbiza chumba cha ndani. Kisha akampigia simu Aka Qurbonali.

Mzee alikuja na shali yake, akakaa, akakataa chai. Akatazama vifuniko, ambavyo bibi alikuwa amevifunga kwa kamba.

"Umeirudisha," alisema.

"Nimeirudisha."

"Nilisoma Leningrad, Nozimjon. Unadhani sijui moshi unafanya nini kwenye kichwa cha kusomea? Nilijua vizuri mno. Ndiyo maana nilifukiza."

Ndipo akasema yote, macho chini, maneno yakimtoka kwa shida. Gulandom alikuwa amekwenda milimani kurekodi mganga, Bibi Savrinoz, akimpunga bibi harusi aliyeingiwa na jini. Watu wa huko, kabla dufu halijapigwa, hufunika kila chenye mdomo ndani ya nyumba, birika, chungu, kisima, hata viatu hupinduliwa, ili linalotoka lisipate pa kuingia lipite mlangoni. Walifunika vyote. Hakuna aliyefikiria kwamba mikrofoni nayo ni mdomo.

"Aliporudi kuihariri ile rekodi, alisikia mle ndani anaitwa jina lake kwa sauti ya mama yake. Mama yake alikuwa amekufa. Unajua alivyokuwa na heshima. Akaitika. Aliniambia mimi. Nilimcheka. Nikamwambia pumzika, una mtoto mchanga, huna usingizi. Baada ya kumzika ndipo nikaisikiliza mwenyewe."

"Ukaniacha miaka yote hii!" Nozim alisimama. "Kwa nini hukuiteketeza?"

"Kwa sababu na yeye yumo!" Aka Qurbonali alipaza sauti, kisha akaishusha. "Alikuwa kama binti yangu. Ungeweza wewe?"

Bibi Savrinoz alishushwa kutoka milimani kwa gari la mpwa wake, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye meno ya dhahabu, aliyelalamika njia nzima kuhusu mashimo ya barabara. Alipovuka kizingiti uchangamfu ulimwisha. Alifunika kila kitu. Alikusanya simu zote, akazizima, akazifungia ndani ya blanketi. Kisha akapiga dufu tangu adhuhuri mpaka jua likazama nyuma ya theluji, na Mahina alilala kwenye mapaja ya bibi yake akitetemeka, na kutoka mle ndani ya blanketi, ndani ya simu iliyozimwa, Gulandom alisoma salamu, akasoma majina ya watu waliokwisha kufa, moja baada ya jingine, bila kuvuta pumzi.

"Halina mwili," alisema mganga mwishoni, jasho linamtiririka. "Lina sauti tu, na sauti ile si yake. Maadamu ipo mahali inasema, lina mdomo wa kuita. Uinyamazishe yote. Wewe mume, kwa mkono wako, si mtu mwingine. Mpaka hapo mtoto asiitike mtu, hata bibi yake."

Nozim alikwenda redioni na Aka Qurbonali asubuhi iliyofuata. Kwanza alifuta simu. Kisha akafuta mafaili kwenye diski, moja moja, ahakikishe. Kisha akachukua kanda ya kijani na kuiweka juu ya ile sumaku nzito ya kufutia, na kidole chake kikakataa kushuka.

Spika ndogo ya mezani, ambayo waya wake haukuchomekwa popote, ikasema, "Nozim."

Hakuitika.

"Nozim, nimekaa gizani muda mrefu. Umenitoa, sasa unataka kunirudisha? Mtoto hajui hata ninavyoongea."

"Bonyeza," alisema Aka Qurbonali, analia waziwazi, masharubu yameloa. "Bonyeza, mwanangu, usimsikilize."

"Utaniua mara ya pili, mume wangu?"

Nozim akabonyeza. Sumaku ikanguruma, meza ikatetemeka, na katika ule mngurumo alimsikia mwanamke akipiga ukelele unaorefuka na kurefuka mpaka ukawa mlio mwembamba tu wa masikio. Kisha ikawa kimya. Akaiingiza kanda kwenye mashine kuihakiki. Tupu. Akakaa sakafuni, akajikunja, akalia kilio ambacho hakulia siku ya maziko, maana siku ile alizika mwili, na leo hakikubaki kitu.

Nyumbani vifuniko vilikaa mahali pake. Harufu iliondoka. Mahina alilala usingizi mzito, akaamka na njaa, akagombana na bibi yake juu ya kuchana nywele, na Bibi Zulayho akamshukuru Mungu kwa ugomvi huo. Bibi Savrinoz akarudi kwao na kilemba kipya na gunia la mchele. Siku chache zikapita hivyo. Lakini mtoto alikuwa ameingiwa na uoga. Ukimwita humtazama mtu midomo kwanza, ananyamaza, macho yanamtoka. Nozim hakuvumilia kumuona hivyo. Alimpakata akamwambia, "Imekwisha, mwanangu. Baba amelifukuza. Sasa ukiitwa, itika kama zamani. Umesikia?"

"Hata nani?"

"Hata nani."

Mahina akatabasamu, jino moja halipo.

Ijumaa iliyofuata redio ilikuwa inaadhimisha siku ilipoanzishwa. Koridoni kulikuwa na meza ya palavu, mikate na zabibu kavu, na spika za ukutani zilipaza kipindi cha siku hiyo kilichokuwa kikienda hewani bonde zima. Nozim alikuwa na sahani mkononi na, kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze, alikuwa anacheka utani wa mtu. Ndipo mtayarishaji wa vipindi, Dilorom, aliyekuwa shoga wa marehemu, alipomshika mkono, uso umewiva kwa furaha.

"Usitoke. Tuna zawadi yako."

"Zawadi gani?"

"Tumeficha siku zote hizi, nusura nipasuke! Ile Ijumaa uliyorudisha mafaili, mimi niliyaona kwenye kabati la vipindi. Nikasema, ee, sauti ya Gulandom! Nikanakili kimoja haraka kwenye kompyuta ya studio, nikaagiza mtu asikuambie. Shukuru, maana juzi nimeangalia kabatini, yote yamepotea tena. Kanda zenu hizo!" Akainua kidole kuelekea spika. "Sikiliza. Ndiyo sasa."

"Wasikilizaji wapendwa," ilisema spika, na spika ya chumba cha pili, na ya ngazini, na ya nje kwenye soko, "jioni njema."

Sahani ya Aka Qurbonali ilianguka. Mzee alikwisha kuanza kukimbia kuelekea studio, shali inamfuata sakafuni, anapiga kelele wakate, wakate, na watu wanamshangaa wakidhani ni uchungu wa marehemu. Nozim alikuwa na simu sikioni. Ililia, ikalia. Kisha ikapokelewa, na nyuma yake akaisikia redio ya jikoni kwao, imefunguliwa mpaka mwisho.

"Baba!" alisema Mahina.

"Mahina, mpe bibi simu. Haraka!"

"Bibi amekwenda kwa jirani kutoa mikate tanurini. Baba, mama yuko redioni! Na yuko mlangoni pia. Anagonga."

"Sikiliza. Nisikilize mimi. Ziba masikio. Usiseme kitu. Hata akisema nini, usi..."

Spika zote za koridoni zikasema kwa pamoja, taratibu, kwa upole wa mtu anayemwita mwanawe aje kula, "Mahina."

Akalisikia mara mbili, juu ya kichwa chake na ndani ya simu. Akapiga kelele mpaka sauti ikamkatika. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kuiweka simu mezani, kwa uangalifu, kama alivyofundishwa, na nyayo zake ndogo zilikuwa zinakimbia kuelekea mlangoni, na kutoka mbali, kwa furaha, Nozim akamsikia binti yake akiitika:

"Abee, mama!"